Siku Nilipofungua Udongo Bandani

Mgomo wa wahadhiri ulipoanza kuonekana hauna mwisho wa karibu, mlinzi wa maabara yetu hapo Kisumu aliniambia kwa upole kwamba jioni ile angezima umeme wa jengo zima na kufunga mlango kwa kufuli. Amri ilikuwa imetoka juu, yeye hakuwa na la kufanya. Nilimshukuru kwa kuniambia mapema. Ndani ya jengo lile nilikuwa na donge la udongo ambalo halikutakiwa kupoa.

Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili, na swali langu, ukiliondolea maneno makubwa, lilikuwa dogo: udongo unapitisha joto kiasi gani, na inakuwaje ukianza kukauka? Nchi zenye vituo vya umeme wa nyuklia hubaki na taka ambazo huendelea kutoa joto kwa muda mrefu sana. Mpango wa wataalamu ni kuzifungia kwenye mikebe mizito ya chuma, kuishusha mikebe hiyo chini kabisa ya ardhi kwenye mwamba, kisha kuizungushia udongo ulioshindiliwa, wa ile aina inayovimba ikipata maji na kuziba kila ufa. Lakini udongo huo huo lazima uliache joto lipite, litoke nje. Ukilizuia, mkebe unazidi kupata moto, udongo ulioukaribia unakauka, na udongo mkavu hupitisha joto vibaya zaidi kuliko ule wenye unyevu.

Udongo wangu niliuchimba Nyakach, karibu na Pap Onditi, kwenye shamba la mjomba. Ni ule mweusi unaong'ang'ania magurudumu ya gari mvua ikinyesha, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Niliukausha, nikautwanga, nikauchekecha, nikauchanganya na mchanga na maji ya kupimwa, nikaushindilia ndani ya bomba fupi la chuma. Katikati niliweka fimbo ya kupasha moto kwa umeme, nyembamba kama penseli, na pembeni vipima joto vilivyofanana na sindano. Halafu nikauzungushia plastiki, karatasi ya fedha na sufi, nikaweka kila kitu ndani ya sanduku la mbao. Hakukuwa na chembe ya kitu cha nyuklia ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kungoja, kusoma joto linavyosafiri, na kutofungua.

Nilimpigia simu msimamizi wangu. Alikuwa kwenye maandamano, nilisikia vuvuzela nyuma yake.

"Una mahali penye umeme wa kuaminika?" akauliza.

"Kwa mama, Usenge. Ana sola na betri nzuri."

"Basi peleka. Ila usiifungue. Ukifungua unyevu utatoka, na tutakuwa tumerudi mwanzo."

Nilipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka barafu Usenge, ufuoni mwa ziwa, nikaenda na sanduku mapajani, waya zimeunganishwa na betri ndogo kati ya miguu yangu. Dereva alidhani ni vifaranga.

Mama yangu huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Huwanunua kutoka kwenye mashua asubuhi, huwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na wakishakauka huwajaza kwenye magunia na kumuuzia mama mmoja mfanyabiashara wa kutoka Kisumu. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza, na kila kilichonifikisha chuo kikuu kilipitia kwenye nyavu zile. Sisemi hivi kwa kupamba. Nguo zangu za shule zilinuka omena hadi wenzangu wakahama dawati.

Alipoliona sanduku alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuligusa.

"Ndiyo hii?" akasema.

"Ndiyo hii, Mama."

"Na iko na moto saa hii?"

"Joto kidogo tu. Weka mkono."

Aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukiacha hapo kwa muda, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Akaondoa vyombo vyake vizuri kwenye kabati la sebuleni, vile vya wageni, ili sanduku lipate pa kukaa. Juu yake akatandika kitambaa cheupe alichokishona kwa kroshia. Nilimwambia halihitaji kitambaa. Akasema mimi niendelee na kupima kwangu, kitambaa kilikuwa kazi yake.

Ufuoni walikuwa wakimwita Mama Daktari. Mimi sikuwa daktari wa chochote, na shahada niliyokuwa nikiitafuta haingenipa jina hilo, lakini yeye alikuwa amewaambia hivyo na sikuwahi kumkatalia. Nilijua pia kwamba kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu watoto wake: huyu yuko Nairobi benki, yule anasaidia wagonjwa ng'ambo. Mama yangu kwa miaka alikuwa na binti asiyeolewa, asiye na kazi, ambaye bado anasoma. Jumapili ya kwanza baada ya mimi kufika wakamuuliza binti amekuja kufanya nini. Akawajibu kwa neno alilolisikia kwangu kwenye simu, neno zito kuliko benki na kuliko ng'ambo.

"Anafanya kazi ya nyuklia," akawaambia. "Iko pale kwangu, sebuleni."

Alinisimulia mwenyewe aliporudi, akicheka, akivua viatu. Alisema wote walinyamaza. Alidhani ni heshima.

Watu wa huku wamekuwa wakisikia habari za kujenga kituo cha umeme wa nyuklia kando ya ziwa. Kumekuwa na mikutano, na wengine wamerudi nyumbani na maneno ya saratani, ya watoto wanaozaliwa na kasoro, ya samaki wanaoelea matumbo juu. Sitawalaumu. Mimi mwenyewe nisingependa kitu nisichokielewa kiwekwe karibu na maji ninayokunywa. Mama alikuwa ametamka neno lile kwa watu waliokuwa tayari wanaliogopa, tena akaongeza kwamba liko ndani ya nyumba yake, hatua chache kutoka ziwani.

Sikujua kilichokuwa kikiendelea kwa sababu nilikuwa nikishinda ndani na vipimo vyangu. Mama hakusema lolote. Nilianza kushuku aliporudi siku moja na magunia yake yakiwa bado yamejaa, akasema mnunuzi hakuja. Siku iliyofuata mnunuzi hakuja tena. Nikamwambia nitamsaidia kugeuza omena, akasema hapana, jua ni kali, nitaumwa kichwa. Alisema hivyo kwangu mimi, niliyekulia kwenye jua lile lile.

Nikamfuata ufuoni bila kumwambia. Kawaida nyavu za akina mama hugusana, mmoja akiinama kugeuza omena wake anaweza kumwambia jirani neno bila kupaza sauti. Siku ile nyavu za mama zilikuwa peke yazo. Wengine walikuwa wamehamisha zao kuelekea upande wa gati, wakasongamana huko hadi omena wa huyu wakachanganyika na wa yule. Mama alikuwa ameinama katikati ya mchanga mtupu, akigeuza omena wake taratibu kama kwamba ndivyo alivyotaka iwe. Na yule mnunuzi wa Kisumu alikuwepo. Alikuwa akipakia magunia ya watu wengine.

Nilisimama nikashindwa kwenda mbele na kushindwa kurudi. Mama aliponiona alinyoosha mgongo.

"Si nilikuambia jua ni kali?"

"Mama, wamehama kwa sababu ya sanduku?"

"Wamehama kwa sababu wanataka."

"Nitalirudisha Kisumu leo."

"Na ulipeleke wapi? Si wamefunga?" Akainama tena. "Ukiliondoa sasa watasema tumeenda kuificha. Kaa nayo."

Jioni mwenyekiti wa ufuo alikuja nyumbani. Ni mtu mstaarabu, alisalimu, akauliza habari za afya, akakataa kuketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na kabati. Alibaki mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Daktari," akasema, "mimi najua wewe. Lakini watu wanaongea. Wengine wanasema waende polisi, wengine wanasema mambo mbaya zaidi. Mimi naona heri watu waone hiyo kitu kwa macho. Kesho, pale bandani. Msichana aeleze, tumalize."

Mama akanitazama. Nikasema sawa.

Banda la kupimia samaki lina sakafu ya simenti, paa la mabati, na mizani inayoning'inia katikati. Tulipofika lilikuwa limejaa, na wengine walisimama nje kwenye jua. Niliweka sanduku juu ya meza ya vigae wanayokatia sangara. Watu waliokuwa mbele wakasogea nyuma wakawakanyaga waliokuwa nyuma yao.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaambia kwamba ndani hakuna nyuklia, kuna udongo. Niliwaambia ulitoka Nyakach. Nilieleza mikebe, mwamba, joto linavyopaswa kupita. Nilichanganya Kiswahili na Kijaluo na nikasikia maneno yangu yakipoteza nguvu kabla hayajafika mstari wa pili. Nilipomaliza, mvuvi mmoja mzee akainua mkono.

"Umesema hakuna nyuklia ndani."

"Hakuna, Baba."

"Na hii waya inaenda wapi? Na kwa nini iko na moto?"

"Ni moto wa umeme. Kama pasi."

"Kama ni udongo tu," akasema, tena bila ubaya wowote, "fungua tuone."

Watu wakaitikia. Fungua. Fungua basi. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye kreti kando ya ukuta, amevaa gauni lake la kanisani, anaangalia vidole vya miguu yake ndani ya ndara. Nikafikiria wiki zote za kungoja, na mchoro wangu wa vipimo vya joto uliokuwa ndiyo kwanza unaanza kupinda mahali nilipotarajia upinde, pale udongo wa karibu na fimbo ulipoanza kukauka. Kisha nikafikiria mchanga mtupu kuzunguka nyavu za mama. Nikachomoa waya.

Nilitoa sufi, nikatoa karatasi ya fedha, nikakata plastiki. Bomba lilikuwa la nusu mbili zilizofungwa kwa skrubu. Nikazifungua moja moja huku banda zima likiwa kimya kiasi cha kusikia nzi. Nusu ya juu ilipoachia, donge likabaki mezani: jeusi, lenye unyevu, likitoa mvuke kidogo na harufu ya kinamasi.

Mama mmoja aliyekuwa mbele akanyoosha shingo.

"Ni matope?" akauliza.

Sijui nani alianza. Ulikuwa mmoja, kisha wakawa wengi, kisha banda lote likapasuka kwa kicheko. Ilikuwa furaha ya watu waliokuwa na hofu ya kweli. Watu walishikana mabega. Mvuvi mzee alilia machozi. Wakaja kuligusa, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeligusa alikuwa na la kusema.

"Wuui, iko na joto kama mtoto ako na homa!"

"Chuo kikuu, watu wanapika matope!"

"Dada, na ugali unajua kupika?"

"Sasa hiyo taka yenyewe, Kenya tuko nayo?" kijana wa mashua akauliza.

"Bado hatuna," nikasema.

"Kwa hivyo unashona blanketi ya mgonjwa hajazaliwa!"

Nilicheka. Mabega yangu, yaliyokuwa yamekaza tangu asubuhi, yaliachia, na nilicheka nao kwa nguvu. Nilitaka wanipende. Nilitaka wahamishe nyavu zao warudi. Nikainua kipande cha donge, nikakipondaponda mkononi mbele yao na kusema kwa sauti ya juu, kwa lafudhi ya ufuoni niliyokuwa nimeanza kuipoteza, "Ni matope tu, jamani! Matope tu! Mmehangaika bure!"

Wakapiga makofi. Kipande kile kilivunjika upande mmoja, mahali palipokuwa karibu na fimbo. Kilikuwa kimekauka hapo na kupauka, kina ufa mwembamba uliokuwa ukienda nje. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Nilikiona na nikakitupa mezani pamoja na vingine, kwa sababu watu walikuwa wakicheka na sikutaka waache.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama karibu yangu. Alikusanya vipande vyote kwa viganja vyake, akavirudisha sandukuni, akafunga kifuniko. Hakuna aliyemwona akicheka. Mwenyekiti alimwambia, "Pole, Mama, yameisha," naye akajibu ahsante, akaliinua sanduku kichwani na kutoka.

Njiani nilizungumza mimi peke yangu. Nilisema umeona, wameelewa. Nilisema kesho mnunuzi atarudi. Alitembea mbele yangu, sanduku kichwani, mgongo umenyooka, na mtu yeyote angedhani anatoka sokoni. Tulipofika aliliweka chini nyuma ya nyumba, karibu na kuku, akaingia ndani na kuanza kurudisha vyombo vya wageni kwenye kabati.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sijakasirika."

"Ni nini basi?"

Aliendelea kupanga vikombe. "Wakati walikuwa wanaogopa," akasema, "niliona aibu. Nilisema nitavumilia, maana angalau wanajua mtoto wangu anafanya kitu kubwa. Leo nimeona nyingine." Akatafuta nafasi ya birika. "Wao wakisema matope, hawajasoma. Wewe pia ulisema."

Nilikuwa nimesimama na udongo ukinikauka kwenye vidole. Mwanamke huyu alikuwa ameketi juu ya kreti mbele ya kijiji kizima akingoja nifungue sanduku na kuwaonyesha kilichomfanya anuke samaki maisha yake yote, nami nilikifinyanga mkononi nikawaambia si kitu. Nilitaka kumweleza kwamba nilifanya vile kwa ajili yake. Ilikuwa kweli kwa sehemu, na kwa sababu ilikuwa ya sehemu tu nikashindwa kuisema.

Baada ya chakula aliniambia, "Nieleze. Si vile uliwaeleza wale."

Nikamweleza. Nilichota maji, nikachora kwenye meza kwa kidole: mkebe, udongo, mwamba. Nilimweleza joto linavyohama kutoka chembe hadi chembe, na jinsi maji yaliyo katikati ya chembe yanavyolisaidia kuvuka, na kwamba maji yakiondoka hubaki hewa, na hewa haipitishi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliniuliza watu hao wa nchi zenye hizo taka wanangoja majibu ya nani. Nikamwambia ya watu wengi sana, na yangu yatakuwa tone. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua kitambaa, akafuta meza.

Mnunuzi wa Kisumu alirudi. Nyavu zikarudi pia, moja moja, bila mtu kusema kitu, hadi zikagusana tena. Lakini jina la Mama Daktari halikurudi. Walimwita Mama Matope, kwa upendo, na waliliita kutoka mbali kwenye mashua, na watoto wakalijua. Aliitika. Jumapili mbili tatu alisema mguu unamuuma, hakwenda kwenye kikundi. Nilijua haukuwa mguu.

Mgomo ulipoisha nilirudi Kisumu. Nilimwambia msimamizi wangu yote. Kwanza alicheka, na nilipoona anacheka nilitazama chini, naye akaacha. "Lile lenye ufa, ulilipiga picha?" akauliza. Nikasema hapana. Akavuta pumzi akasema tuanze upya. Nilianza upya. Donge la pili lilikauka polepole kuliko la kwanza na halikupata ufa ule, na tasnifu niliyoandika mwishoni ilikuwa sahihi na nyembamba. Nilipita. Siku ya mahafali mama alikuja, akapigwa picha nami karibu na maua, kisha tukaenda ufuo wa Dunga kula samaki. Hakuniuliza chochote kuhusu udongo. Zamani kila aliponipigia simu, kabla hata ya kuuliza kama nimekula, alikuwa akiuliza, "Na udongo uko aje?" Sasa huuliza afya yangu, kodi ya nyumba, mvua kama imenyesha.

Nimepata vipindi vichache vya kufundisha chuoni, na bado ninapima udongo. Mwezi uliopita nilikuwa Usenge. Tulikuwa tukigeuza omena, mimi na yeye, na kando yetu alikuwapo mke kijana aliyeolewa pale hivi karibuni, asiyejua habari za bandani. Aliniangalia mikono, akamuuliza mama kwa heshima, "Mama, huyu binti yako anafanya kazi gani huko Kisumu?"

Mama hakuinua kichwa. "Anafundisha," akasema.

"Anafundisha nini?"

"Watoto wa watu."

Yule mke kijana akasema ni kazi nzuri, kazi ya baraka. Nilikuwa na karai la omena mikononi na maneno yote mdomoni, mikebe, mwamba, maji kati ya chembe na chembe. Nikasogeza wavu, nikamwaga omena, nikaanza kuwatawanya.